Fundo la Pindoni

Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi;
ina chumba chake katika kila nyumba.
Ofisini kwetu hulala juu ya bati
na sisi chini yake tunahamisha sauti
kutoka mashine ya zamani, yenye feni inayokohoa,
kwenda seva mpya iliyoko Mbeya mjini.
Mafaili elfu moja mia mbili na sita.
Wazee wa Masoko, Kandete, Ikuti,
wakitaja majina ya ndizi, ya mito, ya waliozikwa.

Kila faili nililifunga fundo.
Unajua bibi anavyoficha noti ya elfu mbili
kwenye pindo la kanga, akalikaza kwa meno?
Hivyo. Si ndani ya sauti, si katika jina la faili,
bali pembeni, panapoitwa sifa za ziada:
nani kasema, siku gani, nyuma ya nyumba ya nani,
na ameruhusu nini.

Kanga zote zilifika Mbeya.
Nilihesabu. Ukubwa uleule, baiti kwa baiti,
rangi ileile, maandishi yaleyale.
Nikaandika daftarini: kazi imekwisha,
nikapiga mstari chini, mara mbili, kwa rula.
Hakuna aliyekagua pindo.

Mashine hutuma kupitia tarishi mmoja
ambaye mafundi humwita mteja.
Mteja wetu alikuwa wa kale.
Kubeba mzigo alijua; mafundo hakufundishwa.
Hakuiba. Hakulalamika.
Aliyaacha tu njiani, kama asiyeona,
na seva ikajibu: nimepokea.
Bora angesema hapatikani,
kama yule wa kwenye simu. Tungejua.

Faili 0417 ni la Bibi Anyosisye wa Kandete.
Pindoni nilikuwa nimeandika alivyoagiza:
Gwamaka asiisikie hii
mpaka mwenyewe aulize.
Ndiyo siku aliyomsimulia Lusako,
mtoto wake wa kwanza, na mto Mbaka ulivyofurika,
na nani alikuwa amemshika mkono, akauachia.

Gwamaka ni dereva. Alipeleka karatasi Mbeya.
Kijana wa ofisi ya pale, mtu mwema,
akamwambia kaa, kuna sauti za kwenu,
akabonyeza ya kwanza aliyoiona.

Wanasema alisimama mpaka mwisho,
dakika kumi na tisa, kofia mkononi,
kisha akauliza asaini wapi.

Fundi alikuja Alhamisi, Enoki Sanga,
mtu wa Makete anayelalamikia baridi.
Alimbadilisha mteja, akabadilisha na lugha
ambayo mashine mbili husalimiana nayo,
maana fundo, alisema, linataka wawili:
wa kulibeba na wa kulipokea.
Tukajaribu kwa faili tupu.
Nikafunga neno moja, mvua, nikatuma.
Upande wa pili tukasoma: mvua.
Enoki akacheka. Mimi sikuweza.

Ya zamani hayarudi yenyewe.
Nayafunga upya kwa mkono, kila asubuhi,
kutoka daftari lililovimba kwa unyevu,
kurasa zimejiviringisha kama jani changa la mgomba.
Mia tatu na kumi tayari. Wengine nawatambua
kwa kikohozi, kwa jogoo, kwa mlango unaolia.
Kuna mwanamke anayehesabu magunzi, hataji jina;
yeye nimemwachia pindo wazi.

Jana Gwamaka alipita. Hakukaa.
Aliuliza kama ile ya mama bado ipo,
na kama naweza kumwekea kwenye simu.
Nikafungua 0417. Tupu.
Nikaandika jina la mama yake, tarehe, Kandete,
nikaandika agizo lake kama alivyolitamka,
na chini yake neno ambalo halimo daftarini:
ameuliza.

Simu yake haibebi mafundo, niliangalia.
Basi hayo nilimwambia kwa mdomo,
pale mlangoni,
nikipaza sauti juu ya mvua.